Epoksi ya gereji inabanduka chini ya tairi tu, kwingine imeshika: kosa ni rangi, zege au niru?

#1 Jamvi36
Wakuu, naleta vipimo, hukumu toeni nyie.

Gereji ni m 6 kwa m 6, Tegeta, Dar. Imeezekwa, ukuta pande tatu, mbele wazi. Jamvi la zege sm 10 juu ya kifusi kilichoshindiliwa. Kama nailoni ya kuzuia unyevu iliwekwa chini sijui, kila ninayemuuliza anamtupia mwenzake. Juu ya jamvi imepigwa niru (uji wa saruji) ya kung'aa. Zege lilimwagwa mwanzoni mwa mwezi wa 2, likamwagiliwa siku 7. Mwishoni mwa mwezi wa 4 sakafu ikaoshwa kwa tindikali, ikasuuzwa, ikaachwa siku 2, ikapigwa epoksi (rangi ngumu ya kuchanganya) ya makopo mawili, kijivu, makoti mawili bila praima (koti la kushikisha). Jumla lita 6. Gari likaingia siku ya 4.

Leo wiki ya 5. Chini ya tairi inabanduka vipande vya ukubwa wa kiganja. Katikati imeshika, kucha haiingii. Karibu na ukuta wa nyuma kuna malengelenge kama punje za choroko. Fundi anasema rangi ni feki, mwenye duka anasema fundi ndiye feki. Kosa liko wapi?

#2 NyundoMoja
Weka vigae, uzi ufungwe.

#3 Bi Mikroni
Kabla ya kumhukumu mtu, hesabu kwanza. Mita za mraba 36 mara makoti mawili ni 72. Gawa kwa lita 6, unapata m² 12 kwa lita. Lita 1 kwenye m² 12 ni unene wa mikroni 83 (mikroni 1,000 ni mm 1) ikiwa mbichi. Epoksi za thina nyingi ni yabisi asilimia 50 hivi, nusu nyingine inapaa hewani. Kwa hiyo kila koti limebaki mikroni 41 au 42, yote mawili hayafiki 85. Sakafu ya kupita gari inataka 200 kwenda juu. Kwa unene huo gereji yako ilihitaji lita 14.4, ongeza asilimia 10 inayobaki kwenye rola na ndoo, karibu lita 16.

Swali: epoksi hiyo iliuzwa seti ya lita ngapi? Seti iliyozoeleka ni lita 4 za rangi na lita 1 ya hadena (kigandisho). Lita 6 umeipataje?

#4 RingiKumiNaTano
Mimi naona tairi. Gari likitoka barabarani mpira una moto na umelainika. Likisimama, tairi inajitandaza na kuikumbatia rangi. Ikipoa inasinyaa, na inaposinyaa inaivuta rangi pamoja nayo. Juu ya hapo mpira una mafuta ya kulainisha ambayo yanahamia kwenye rangi na kuilegeza. Epoksi siku ya 4 bado changa. Ikikanyagika kwa mguu baada ya saa 24 haina maana imekomaa. Gari ni siku ya 7, tena hapo sakafu iwe na nyuzi 25 hivi. Kwenye baridi ongeza siku.

Ndiyo maana katikati imeshika. Katikati hakuna tairi.

#5 Msasa Themanini
#4 umeeleza vizuri namna inavyovutwa, lakini tairi ni mvutaji tu. Swali ni kwa nini imekubali kuvutwa. Epoksi iliyoshika zege lililokwanguliwa sawasawa, ukiing'oa inatoka na zege.

Jamvi36, chukua kipande kilichobanduka, kigeuze, angalia mgongo wake kwenye mwanga:

Mgongo una unga au ngozi ya saruji: rangi imeshika, kilichokatika ni tabaka la chini yake, yaani niru au ukoko laini uliopanda juu zege lilipokuwa bichi.

Mgongo ni safi, unang'aa kama kioo: haikushika kabisa. Hapo ni uso uliokuwa laini mno, mafuta, vumbi lililobaki, au unyevu uliopanda kutoka chini.

Sakafuni limebaki koti la kwanza na kilichotoka ni la pili: makoti hayakushikana. Ama muda wa kurudia ulipita, ama umande ulishuka katikati ya makoti.

Kipande kinapindika kama ngozi, kinanata: hadena ilipungua au haikuchanganyika.

Usiangalie kimoja. Angalia kumi, kutoka sehemu tofauti, viandike namba.

#6 PwaniKavu
Salaam. Mimi niko Mombasa, na malengelenge ya ukuta wa nyuma ndiyo nayaona zaidi kuliko tairi. Tairi haifiki ukutani. Hapo ni maji kutoka ardhini. Rangi ilipigwa katikati ya masika, udongo umeshiba, jamvi halina nailoni (au ina, nani ajuaye). Mvuke unapanda, unakuta epoksi imeziba, unaisukuma. Toboa lengelenge moja kwa sindano. Likitoa maji, weka karatasi ya pH (ya kupima tindikali na alikali). Ikionyesha 11 au zaidi hayo ni maji yaliyopita ndani ya saruji. Likiwa tupu na kavu, hiyo ni hewa ya vinyweleo vya zege iliyopanuka wakati rangi ikiwa mbichi, habari nyingine kabisa.

#7 Kokoto Robo Tatu
Zege lilikuwa na siku 80 na ushee. Kanuni ni siku 28. Unyevu mnausingizia.

#8 Msasa Themanini
Mkuu #7, siku 28 ni za nguvu, si za ukavu. Siku hiyo ndiyo tunayopimia mche wa zege maabara, basi. Kukauka ni jambo lingine: mm 1 kwa siku kwa mm 50 za kwanza, baada ya hapo kasi inapungua sana. Jamvi la mm 100 linalokaukia upande mmoja halimalizi kwa siku 80, tena masika, tena siku 7 za mwanzo lilikuwa linamwagiliwa na hazihesabiki. Na kama chini hakuna nailoni, halikauki kamwe. Linanywa kila siku.

#9 Kokoto Robo Tatu
Sawa, siku 28 nazirudisha. Ila kama jamvi lote ni bichi, mbona malengelenge yako nyuma tu?

#10 PwaniKavu
Kwa sababu mbele ni wazi, upepo unapita. Na ukuta wa nyuma pengine umeegemea udongo. Nje ya ukuta huo kiwanja kiko juu ya sakafu au chini?

#11 Jamvi36
#3: seti moja ya lita 5, fundi akaongeza lita 1 ya thina. #10: nje udongo umepanda kama sm 40 juu ya sakafu, kuna bustani. Vipande nitakusanya.

#12 Bi Mikroni
Basi hesabu yangu ya #3 ilikuwa ya huruma. Lita 5 kwa asilimia 50 ni lita 2.5 za rangi yabisi. Kwenye m² 36 zinabaki mikroni 69, makoti yote mawili. Thina haikuongeza rangi, imeongeza eneo.

Thina gani? Ile ya rangi za magari haifai kwenye epoksi nyingi, inavuruga ugandaji au inanaswa ndani. Kila epoksi ina thina yake, na kiwango cha kawaida ni asilimia 5 hadi 10. Hii ni asilimia 20.

#13 Fundi Rola
Dada #12, hesabu sikatai, ila usimchome fundi mzima mzima. Koti la kwanza kulilegeza ni kazi halali, linazama kwenye vinyweleo na kufanya kazi ya praima. Kosa ni kama thina yote iligawanywa makoti yote mawili. Na unene mdogo haubandui. Rangi nyembamba inachakaa, inaonyesha njia ya tairi, haitoki kiganja kizima. Anayebandua ni mwingine.

#14 Bi Mikroni
Kaka Rola, la unene nakubali nusu. Nyembamba haibanduki yenyewe, ila haina akiba. Mafuta ya tairi yanapita mikroni 69 haraka kuliko 250, na yakifika kwenye mshiko ndipo kiganja kinapotoka.

#15 Chokaa na Jamvi
Mnazunguka, mwizi yuko katikati yenu: niru. Nani anapiga epoksi juu ya niru?

Niru ni uji wa saruji tupu, mm 1 hadi 3, unaonyunyizwa na kusuguliwa kwa mwiko wa chuma. Hauna mchanga wa kuuzuia kusinyaa, kwa hiyo unapasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Ukipigwa juu ya jamvi lililokwishaganda haushikani nalo sawasawa, unalala tu. Kwa miguu na mkeka unadumu miaka. Ukiubandika epoksi, ambayo nayo inasinyaa kidogo ikiganda, halafu tairi ivute, unaachia. Gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua. Panapolia kama ngoma, niru imeachana na zege.

Na tindikali juu ya niru ni hasara. Tindikali inakula saruji. Kwenye zege inakula saruji ya juu na kuacha mchanga umejitokeza, unapata ukwaru wa msasa. Kwenye niru hakuna mchanga, inakula tabaka zima na kuacha uso umelainika, unga mtupu.

#16 NyundoMoja
Vigae havina niru.

#17 Bi Mikroni
Vigae juu ya niru inayolia ngoma navyo vitaruka, NyundoMoja. Tulia.

#18 Msasa Themanini
Naunga mkono #15. Maji yanasema kabla ya rangi: mwaga matone kijiko kimoja, sehemu tano. Yakizama na kuacha weusi ndani ya dakika moja, uso unakunywa. Yakisimama kama juu ya jani la mgomba, rangi nayo itasimama hivyohivyo. Jaribio hili linafaa pia kwa zege lililosuguliwa kwa mashine hadi kung'aa, na lile lililopuliziwa dawa ya kuzuia lisikauke haraka. Hilo la dawa hata tindikali haliitikii, ni kukwangua tu.

#19 Kokoto Robo Tatu
Kuhusu tindikali, ilikuwa gani? Wengine wanaosha kwa maji ya betri.

#20 Jamvi36
Ilikuja kwenye chupa ya plastiki isiyo na lebo. Fundi anakumbuka haikuwa na harufu.

#21 Kokoto Robo Tatu
Basi nina wasiwasi. Tindikali ya kuoshea zege ni ya hidrokloriki. Ukifungua kizibo inakukaba koo, haisahauliki. Ya betri ni ya salfa, haina harufu. Ikikutana na chokaa ya saruji inazaa jasi, na jasi haisuuziki kirahisi, inakaa kwenye vinyweleo kama unga mweupe. Rangi inashika unga. Hiyo ni sababu ya nne kwenye uzi huu na haihitaji tairi wala bustani.

#22 Fundi Rola
Ila kama imezimuliwa sana na maji, hata ya hidrokloriki harufu yake ni ndogo. Usimfunge mtu kwa pua.

Kwa anayetaka kuiosha kwa tindikali sahihi, na awe na zege, si niru: sehemu 1 ya tindikali kwa 10 za maji kwa kuanzia, zege gumu ushuke mpaka 1 kwa 4. Tindikali ndiyo inamwagwa kwenye maji, si maji kwenye tindikali. Lowesha sakafu kwanza, isiwe na madimbwi. Lita 1 ya mchanganyiko inatosha m² 1 hadi 1.5. Itoe povu dakika 5 hadi 10, sugua kwa brashi ngumu, usiiache ikauke. Hakuna povu? Kuna mafuta au dawa juu, rudi kwenye sabuni. Kisha suuza mara tatu. Glovu za mpira, miwani, milango wazi. Na usiichanganye kamwe na dawa ya madoa ya kufulia, gesi ya klorini inayotoka haina mzaha.

#23 PwaniKavu
Ongeza magadi. Baada ya kusuuza mara ya kwanza, mwaga maji ya magadi kuua tindikali iliyobaki, halafu suuza tena.

#24 Chokaa na Jamvi
Magadi kidogo sana, mzee, na kusuuza kwingi. Magadi ni chumvi. Yakibaki ndani yanavuta maji chini ya rangi, unaunda malengelenge kwa mkono wako. Wengine hatuyatumii, tunasuuza hadi karatasi ya pH ya maji ya sakafuni ifanane na ya maji ya bomba.

Tukiwa kwenye chumvi: zege hilo lilitumia mchanga gani? Mchanga wa pwani usiooshwa una chumvi, na chumvi ndani ya jamvi inavuta maji kupita rangi kama utando. Malengelenge ya choroko ndivyo yanavyozaliwa, hata nailoni ikiwepo.

#25 Jamvi36
Mchanga ulisemwa ni wa mto. Risiti hakuna.

#26 SakafuNairobi
Huku juu ya mlima shida ni kinyume, bana. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku unashuka kuelekea nyuzi 10, na epoksi nyingi za kawaida chini ya 10 zinasimama kabisa kuganda. Unaamka asubuhi ina mafuta mafuta juu, inanata, watu wanasema feki. Si feki, ni baridi pamoja na umande. Hadena inakutana na unyevu na hewa ya ukaa inatoa utando kama nta. Ukipiga koti la pili juu yake bila kuosha, makoti yanaachana. Dawa ni maji ya vuguvugu na sabuni, suuza, kausha, piga msasa. Thina haiutoi, inausambaza.

Na Dar mnasahau umande. Hewa nyuzi 28, unyevu asilimia 80, umande unaanza kwenye nyuzi 24. Sakafu inatakiwa iwe juu ya hapo kwa nyuzi 3, yaani 27 na zaidi. Sakafu ya kivulini alfajiri haifiki. Fundi anayeanza saa 12 asubuhi ili "awahi jua" anapaka juu ya maji asiyoyaona.

#27 Fundi Rola
Lakini ukianza saa 4 asubuhi sakafu inapanda joto, hewa ya ndani inapanuka na kutoboa rangi vitundu. Rangi inataka kupigwa joto likiwa linashuka.

#28 SakafuNairobi
Ndiyo, ndipo pagumu. Dirisha la pwani ni jembamba: saa 9 alasiri mpaka saa 11. Sakafu bado ina joto, inaanza kupoa, umande haujafika. Koti la pili kesho yake saa hizohizo. Usipite muda wa kurudia ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi saa 24 hadi 48. Ukipita, piga msasa namba 80 au 100 kabla.

#29 Bi Mikroni
Na changanya kidogo kidogo. Wakati wa kutumika mchanganyiko ukiandikwa dakika 40, hiyo ni kwa nyuzi 20 hivi. Joto likipanda nyuzi 10 muda unakatika nusu. Ndoo iliyojaa inajipasha yenyewe, epoksi isiyo na thina inaweza kutoa moshi. Drili ya mwendo mdogo, mizunguko 300 hadi 400, dakika 3, kwangua pembeni na chini, hamishia ndoo ya pili, koroga tena dakika 1. Hiyo ndoo ya pili wengi wanairuka, na mabaki ya pembeni ambayo hayakukutana na hadena ndiyo yanayoacha mabaka yanayonata. Kugawa seti kwa macho ni kosa lingine. Gawa kwa mzani au kwa kopo lenye vipimo, na soma kama uwiano ni wa ujazo au wa uzito, si kitu kimoja.

#30 Mama Baraza
Samahani kuingilia. Nina baraza la m² 14, jua la mchana kutwa, si gari. Nimeshauriwa rangi ya mafuta nyekundu. Ni sawa?

#31 Chokaa na Jamvi
Hapana mama. Rangi ya mafuta na saruji mpya ndiyo kanuni ya sabuni ya mche: mafuta na alikali. Zege bichi lina pH ya 12 hadi 13, linaigeuza rangi kuwa sabuni chini kwa chini, inanata na kutoka kama ngozi. Na epoksi ukiiacha juani inageuka njano na kutoa unga mweupe ndani ya miezi. Kwa jua, epoksi iwe chini, juu poliyurethani ya makopo mawili isiyogeuka rangi, mikroni 50 hadi 60. Barakoa ya mvuke wakati wa kupaka, hadena yake ni mbaya kwa mapafu.

Au rahisi zaidi: niru nyekundu ya oksaidi (unga wa rangi) ipigwe siku ileile zege likiwa bado linakubali kidole, ili vishikane. Oksaidi isizidi kilo 5 kwa mfuko wa kilo 50, ukizidisha saruji inadhoofika. Kisha nta. Inapumua, haitoi malengelenge, na bei yake unaijua.

#32 Mama Baraza
Asante baba.

#33 RingiKumiNaTano
Kumbe niru sasa imekuwa mtu mwema.

#34 Chokaa na Jamvi
Niru ni mwema kwa miguu. Kwa tairi na epoksi ndiyo mgomvi.

#35 MfugajiMpya
Na banda la kuku?

#36 NyundoMoja
Kuku hawana tairi.

#37 Jamvi36
Nimefanya kazi ya nyumbani. Vipande 10: vitano mgongo una ngozi ya saruji, vyote vya tairi ya kulia. Vinne mgongo safi, vitatu vya tairi ya kushoto na kimoja cha karibu na ukuta. Kimoja kimeacha koti la kwanza sakafuni. Malengelenge sita: manne yalitoa maji, pH kati ya 11 na 12, mawili matupu. Nailoni sm 45 kwa 45 nimebandika kwa gundi ya karatasi pande zote nne saa 24: nyuma ina matone, katikati kavu, mbele kavu. Kugonga: inalia ngoma upande wa kulia, kama m² 4.

#38 Chokaa na Jamvi
Kulia niru. Nilisema.

#39 PwaniKavu
Nyuma maji. Nilisema pia.

#40 Kokoto Robo Tatu
Na vile vinne vyenye mgongo safi? Hapo hapakulia ngoma na vitatu haviko ukutani. Jasi au mafuta ya gari. Lamba... hapana, usilambe. Paka maji: mafuta yatayakataa.

#41 RingiKumiNaTano
Kulia na kushoto zote ni za tairi. Hata kimoja hakikutoka katikati. Mnanikwepa.

#42 Msasa Themanini
Nailoni ya katikati kuwa kavu isikutulize. Jaribio hilo linasema "maji yapo," halisemi "maji hayapo," na saa 24 kiangazi kikianza ni tofauti na masika. Rudia nyuma na katikati kwa saa 72, sehemu isiyopigwa na jua.

Kwenye kurudia, chochote kitakachoshinda ubishi, hatua ni zilezile. Kwangua rangi na niru yote, si panapolia tu, kwa grinda yenye sahani ya almasi namba 30, mpaka uone mchanga na kokoto ndogo. Vumbi la zege lina silika, linaua mapafu taratibu, kwa hiyo grinda yenye mfuniko, kifyonza vumbi, na barakoa ya N95 au zaidi, si kitambaa. Nyufa zipanue kwa umbo la V mm 6, jaza epoksi yenye mchanga mkavu. Viungo vya zege usizibe kwa rangi, jaza kiziba cha poliyurethani kinachonyumbuka. Praima ya epoksi isiyo na thina, hapo zege la kukwanguliwa linakunywa gramu 300 hadi 500 kwa m². Kisha makoti ya unene wa #3.

#43 PwaniKavu
Na nyuma? Usimwache na maji yake. Kwanza nje: shusha udongo wa bustani angalau sm 15 chini ya usawa wa sakafu, ukuta upakwe lami. Ndani, kama saa 72 bado zinatoa matone, zipo epoksi zenye saruji, za vipande vitatu, zinakubali zege lenye unyevu. Zinatandazwa mm 2, zinazuia mvuke wakati epoksi ya juu inapigwa. Bei inauma.

#44 Fundi Rola
Au aache ile m 1 ya nyuma bila epoksi. Apige kigumisha cha silikati ya lithiamu. Kinaingia ndani, kinakutana na chokaa ya zege na kuwa kigumu, hakina ngozi juu, hakuna cha kubanduka. Kinazuia vumbi. Mafuta ya injini hakizuii, ndiyo kasoro.

#45 Bi Mikroni
Sakafu ya rangi mbili, Rola?

#46 Fundi Rola
Hapo nyuma anapanga madumu, dada, nani anaangalia.

#47 Jamvi36
Udongo tunashusha kesho. Grinda ya kukodi Jumamosi. Wanauliza mm 125 au mm 180, na kama umeme wa kawaida utabeba.

#48 Msasa Themanini
Zote mbili umeme wa kawaida, ila 180 inavuta wati 2,000 na zaidi. Usiunganishe kwenye waya mwembamba wa kurefusha pamoja na kifyonza vumbi, tumia soketi mbili tofauti. Ya 180 kwa katikati, 125 kwa kingo. Anza upande wa kulia, panapolia ngoma. Niru ikiruka vipande vikubwa bila kusagwa, #15 amepata pointi yake.

#49 RingiKumiNaTano
Ikikataa kuruka, pointi ni yangu. Piga picha.